Baba aliyenipiga kumbe ni mjomba: nianzie wapi kitabu changu?

"Shikamoo mhariri. Nimeandika kurasa 112 za maisha yangu na nimekwama. Nilizaliwa 1986, nikakulia Kilosa. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa kanisani, mtu wa kuheshimiwa, na alinipiga tangu nina akili mpaka siku nilipoondoka kwenda chuo. Mama alikuwa hasemi kitu. Wote wawili wametangulia mbele za haki. Tulipofungua sanduku la bati la baba, baada ya arobaini yake, nikakuta kadi ya kliniki yenye jina langu na tarehe yangu ya kuzaliwa, ila mahali pa jina la mama pameandikwa jina la shangazi. Nilipombana shangazi alilia, akakubali: alinizaa akiwa kidato cha pili, kaka yake akanichukua. Kwa hiyo baba ni mjomba wangu. Shangazi ana mume na watoto watatu, hawajui lolote. Ananiambia, 'Yaache yalale mwanangu.' Kaka yangu naye anasema naongeza chumvi, baba alikuwa mkali tu. Je, kitabu nikianze na ile kadi au na kipigo? Nina haki ya kuandika? Wanaweza kunishtaki? Na kwa nini tangu nianze kuandika silali?"

Marahaba mwanangu. Nimezisoma kurasa zote 112, mara ya pili nikiwa na penseli mkononi. Sitafuata mpangilio wa maswali yako, kwa sababu kuna kitu kwenye ukurasa wa 17 ambacho nimelala nacho siku tatu na lazima nianze nacho.

Ni ile saa. Umeandika hivi: "Kabla hajanigusa alikuwa anavua saa. Anaifungua taratibu, anaiweka juu ya kabati la vyombo, kwenye kitambaa cha kufuma, uso wake ukiangalia juu. Nikisikia kile kifungo kinaachia, najua. Akimaliza anaivaa tena, anaangalia ni saa ngapi."

Hapo hujasema ukatili, hujasema maumivu, wala hujamtukana mtu. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na bado mkono ulinisimama. Halafu nageuza ukurasa nakuta: "Baba alikuwa mnyama, shetani aliyevaa ngozi ya mtu." Hiyo nimeikata, na nyingine sita za namna hiyo. Simtetei marehemu. Ila ukimfanya shetani unampunguzia mzigo, kwa sababu shetani hana saa ya kuogopa isije ikapasuka kioo. Mtu anayekumbuka kuvua saa ana akili zake timamu na anajua anachokwenda kufanya.

Tena fikiria nani atakusoma. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa hapa Tanzania kuhusu ukatili dhidi ya watoto, matokeo yakatangazwa 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa kama kabla ya kufika miaka 18 waliwahi kupigwa ngumi, mateke au mjeledi, au kutishiwa silaha, na mtu mzima au na mpenzi wao. Karibu robo tatu, wa kike na wa kiume, walisema ndiyo. Maana yake wengi watakaofungua kitabu chako wana saa yao mahali fulani. Ukiwaandikia shetani watasema, "Aa, basi wangu hakuwa hivyo, wangu alikuwa ananifunza adabu, samaki mkunje angali mbichi." Ukiwaandikia saa, hawana pa kukimbilia. Na ujue hata Sheria ya Mtoto ya 2009, iliyokuja ukiwa tayari mtu mzima, inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha lakini bado imeacha nafasi ya adhabu yenye kiasi. Huo ubishi wa kiasi ni kipi na kimepita wapi, kila msomaji atakuja nao. Usibishane naye, muoneshe kabati.

Sasa siri. Kuanzia ukurasa wa 70, unapofungua sanduku, neno "kumbe" limetokea mara 23 na "ndiyo maana" mara 11. Kumbe zako nyingi ni halali, ndivyo mtu anavyoshtuka. Zile "ndiyo maana" ndizo zinazonitia wasiwasi. "Ndiyo maana alinichukia." "Ndiyo maana alinipiga mimi." Umepata ufunguo mmoja na sasa unajaribu kufungulia kila mlango wa nyumba ile.

Rudi ukurasa wa 41. Umeuandika mwenyewe. Kaka yako, mwaka wa darasa la sita, amechezea mpira viatu vya shule. Jioni mama anaokota jino sakafuni, analifunga kwenye pindo la khanga, anaendelea kuchambua mchele. Kaka yako ni mtoto wa baba na mkewe wa ndoa, damu yake halisi, na jino likatoka. Kwa hiyo "alinipiga kwa sababu sikuwa wake" imekwisha kupingwa na ukurasa wako mwenyewe, kurasa 29 kabla hujaisema. Ukiing'ang'ania, baba umempa sababu ya kuponea, na kaka yako umemfuta.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali lako la kwanza. Usianze na kadi. Kitabu kikianza na kadi, kila kofi litakalofuata litasomwa kama kitendawili ambacho jibu lake msomaji analo mkononi, na yule mtoto wa miaka saba aliyekuwa anasikiliza kifungo cha saa hakuwa na jibu lolote. Mwache asijue. Kadi iwekwe pale ulipoipata: wewe ni mtu mzima, una watoto, nyumba imejaa ndugu wanaogawana mashati ya marehemu, na wewe umechuchumaa mbele ya sanduku lenye harufu ya vidonge vya kufukuzia nondo. (Hivyo vidonge usiviondoe. Ulitaka kuviondoa, nimeona mstari wako wa penseli.) Msomaji ashtuke ulipo­shtuka wewe, si kabla.

Kuna jambo jingine siri hii inakudai, nalo ni gumu kuliko mpangilio wa sura. Mwaka 1986 mtu huyu alikubali kuitwa baba wa mtoto asiye wake ili dada yake arudi darasani. Vijana wanaosoma leo huenda wasielewe uzito wake, kwa hiyo waelezee. Kwa miongo mingi, msichana akipata mimba shuleni alikuwa anafukuzwa, na shule ya serikali hakurudi. Kanuni za mwaka 2002 ziliendelea kuruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili. Juni 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kwamba chini ya utawala wake aliyejifungua hatarudi shule, na ni Novemba 2021 tu serikali ilipotangaza kuwa wanaweza kurudi. Shangazi yako alikuwa mbele ya ukuta huo akiwa binti mdogo. Familia ikasema anaumwa, akapelekwa Mahenge kwa bibi, akajifungua, akarudi kusoma shule nyingine kama mtu aliyepona malaria kali. Leo ni muuguzi mstaafu. Kwa mujibu wa kurasa zako, ameshika mikono ya nusu ya wazazi wa wilaya ile.

Kwa hiyo baba yako alifanya tendo la upendo, tena la ujasiri. Halafu akampiga mtoto huyohuyo miaka kumi na kitu. Kwenye rasimu umejaribu kuyaunganisha mara tatu, mara kwa "lakini", mara kwa "kwa sababu", mara kwa "pengine". Yaandike kila moja kwa aya yake, uache nafasi katikati, usiweke kiunganishi. Sijui mwandishi yeyote aliyewahi kupata kiunganishi hicho.

Kuhusu kaka. Usimwite mwongo kitabuni, na usimtumie kama shahidi bila ridhaa yake. Anasema jino lilitoka alipoanguka kwenye mpera. Inawezekana ndivyo anavyokumbuka kweli. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, wanasaikolojia wa Marekani, waliwaonesha watu filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa "yalipobamizana" walitaja mwendo mkubwa kuliko walioulizwa "yalipogusana", na wiki moja baadaye wa kundi la kubamizana walikuwa wepesi zaidi kusema waliona vioo vilivyovunjika, na hapakuwa na kioo kilichovunjika kwenye filamu. Swali lenyewe linapanda mbegu. Wewe ulimpigia simu ukamwambia, "Unakumbuka baba alivyokung'oa jino?" Hapo ulikuwa umeshamjibia. Nenda kwake, mkae, mle, na ukipata nafasi muulize, "Lile jino lilitokaje?" kisha unyamaze. Akisema mpera, andika mpera. Andika: kaka anasema mpera, mimi nakumbuka pindo la khanga. Msomaji si mjinga.

Na fanya hivi kwa kitabu kizima. Chukua kalamu tatu. Kwa ya bluu pigia mstari ulichoona kwa macho yako. Kwa nyekundu, ulichoambiwa, na pembeni uandike na nani. Kwa kijani, unachokisia. Nimeanza kukufanyia sura ya tano na nikakuta kijani kingi kimevaa nguo za bluu. Mfano, ukurasa wa 88: "Mama alijua kila kitu na alifurahi nilipopigwa." Alifurahi umeliona wapi? Ulichoona, ukurasa wa 18, ni kwamba mama alikuwa anaongeza sauti ya redio. Redio inatosha. Tena inatisha zaidi, maana hatujui alikuwa anajiziba masikio au anawaziba majirani.

Sasa shangazi yako, ambaye wewe bado unamwita shangazi na sitakuambia umwite vingine.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na katika habari hii kata imebaki moja. Umeniuliza kama una haki. Nitakugawia. Kipigo ni chako. Saa, redio, kabati, usiku uliolala kwenye behewa bovu pale stesheni, hivyo vyote ni mali yako na huhitaji ruhusa ya mtu aliye hai kuvisimulia. Kwamba hukulelewa na aliyekuzaa, hilo pia ni lako kwa sehemu. Sheria ya Mtoto yenyewe inasema mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake wa kumzaa. Lakini kujua ni kimoja, kutangaza ni kingine. Ile mimba ni yake. Alikuwa mtoto wa shule, hakuna aliyemuuliza anataka nini wakati ule, na mtu wa kwanza kumwamulia tena, miaka yote hii baadaye, asiwe wewe.

Usinijibu kwamba utabadilisha majina. Kilosa nzima inamjua mfanyakazi yule wa reli, ina hesabu ya dada zake, na ina hesabu ya watoto wake. Kubadili jina humficha mtu kwa msomaji wa Arusha, ambaye hana haja naye. Kwa jirani hakumfichi. Nalisema hili kwa kuungua: zamani niliwahi kupitisha muswada ambao jirani mmoja mlevi alibadilishwa jina tu, nikaona inatosha. Wiki ya pili binti yake alikuwa anaitwa shuleni kwa jina lile jipya. Mwandishi aliniamini mimi, na kosa lilikuwa langu.

Ninachokushauri ni kuandika kitabu kizima, pamoja na kadi, pamoja na machozi ya shangazi, mpaka mwisho. Usikichape. Kisha chukua kurasa zinazomhusu yeye tu, nadhani ni kama 14, uende nazo kwake siku mumewe hayupo, umsomee kwa sauti. Usiende na karatasi ya kusaini, wala usiweke simu ya kurekodi mezani. Mwachie penseli. Atakachokata, kikatwe. Akikata chote, basi una kitabu cha binti, baba na saa, kinachoishia kwenye sanduku ambalo hatuambiwi lina nini, na kitasimama vizuri kwa miguu yake. Nimekipima hivyo, kinasimama. Na inawezekana kabisa asikate. Wazee wengi wanaosema "yaache yalale" wanamaanisha "usiyaamshe mimi sipo". Lakini mumewe na wale watoto watatu, akitaka wajue, atawaambia mwenyewe kwa mdomo wake kabla kitabu hakijafika dukani.

Mwishoni mwa rasimu, ukurasa wa 98, umemtaja mwalimu. Umesema shangazi hakukuambia baba yako wa kukuzaa ni nani, lakini unahisi, kwa sababu ya pua na kwa sababu alihamishwa ghafla mwaka uleule. Hapo ndipo swali lako la kushtakiwa linapokuwa na meno. Marehemu hafungui kesi. Mwalimu aliye hai anafungua, na kumwita mtu hadharani kwamba alimpa mwanafunzi mimba, ushahidi ukiwa ni pua, ni kashfa ya wazi ambayo wakili wake hatahangaika kuithibitisha hata asubuhi moja. Mtoe. Asibaki jina, asibaki somo alilofundisha, asibaki pikipiki yake. Ukitaka kujua kweli, njia ya vinasaba (DNA) ipo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini chini ya sheria ya vinasaba ya 2009 maombi hupitia kwa mamlaka zilizotajwa, kama mahakama au ustawi wa jamii. Si suala la kuingia na unywele kwenye bahasha. Na hilo ni jambo la maisha yako, si la kitabu. Picha ya kadi ya kliniki nayo usiichapishe: ina jina la shangazi na habari za afya yake, na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Ielezee kwa maneno: rangi yake, mkunjo wake, mwandiko wa nesi. Kabla ya kuchapa, wakili asome muswada mzima. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kuondoa kitabu madukani.

Kuna kitu umekiruka, nami sikukiruka. Ukurasa wa 63, sentensi moja: "Siku hiyo nilimsemea kaka kwa baba ili nisipigwe mimi." Kisha haraka unahamia kwenye mvua. Rudi hapo ukae. Binti wa Sultani wa Zanzibar, Salme binti Said, alipochapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, hakuishia kusimulia njama ya mwaka 1859 ya kaka yake Barghash dhidi ya ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani. Alikiri kwamba yeye, akiwa na miaka kama 15, ndiye aliyekuwa karani wa njama, barua zikiandikwa kwa mkono wake. Angeweza kukaa kimya, nani angejua? Kwa kuwa alijiweka ndani, tunamwamini anapowaeleza wengine. Wewe ulikuwa na miaka tisa na hofu ilikuwa imekujaa. Hakuna atakayekuhukumu, lakini kaka yako anaikumbuka siku hiyo kuliko unavyodhani, na naona ndiyo sababu ya ule mpera. Naona tu. Hiyo ni kalamu yangu ya kijani.

Kuhusu usingizi. Mwaka 1986, mwaka uliozaliwa wewe, mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha jaribio la wanafunzi wa chuo Marekani waliotakiwa kuandika dakika 15 kwa usiku, siku nne mfululizo. Walioandika tukio lililowaumiza pamoja na hisia zao walitoka wakiwa na huzuni zaidi kuliko walipoingia, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo kuumia baada ya kuandika si dalili kwamba unakosea. Angalia tu dozi: dakika 15, siku nne. Wewe unaandika kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane, kila siku, tangu Januari, kisha unashangaa kulala kumekushinda. Andika asubuhi watoto wakishaenda shule, saa moja tu, ukifunga daftari utoke nje ununue hata nyanya. Sura za kipigo zisifuatane siku mbili. Na kule kusikia kifungo cha saa ukiwa macho, hiyo si kazi ya mhariri. Hospitali ya mkoa ina watu wa afya ya akili. Nenda wiki hii, uwaambie kama ulivyoniambia mimi. Muswada utasubiri.

Nirudishie sura ya tano ikiwa na rangi zake tatu kwanza, nyingine baadaye. Kisha niambie kitu kimoja ambacho nimekitafuta kurasa zote 112 sikukiona: siku ile mlipogawana vitu vya marehemu, mashati alichukua baba mdogo, baiskeli akachukua kaka. Saa ilichukuliwa na nani?